Treni ya Ukutani

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba mtu asiyejua jambo hapungukiwi na kitu akiuliza. Apungukiwaye ni yule anyamazaye ili aonekane anajua. Methali hii tunapenda sana kuwatamkia watoto. Sisi wenyewe tukiingia penye watu wengi huuma midomo na kutikisa vichwa kana kwamba tumeelewa, kisha tukarudi nyumbani na ujinga wetu ukiwa mzima, haujaguswa. Mji mmoja uliwahi kugombana mwaka mzima juu ya treni, kwa hoja nzito na sauti kubwa, na katika watu elfu sitini hakutokea hata mmoja wa kuuliza neno lililo jepesi kuliko yote. Alipotokea, alikuwa fundi cherehani.

Duka lake lilitazamana na stesheni ya zamani. Lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ya umeme na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Jina lake halisi lilikuwa limekwisha kusahauliwa. Watu walimwita Mama Kwani, kwa sababu hakuweza kugusa mkasi kabla hajauliza. "Kwani gauni hili utalivaa ukiwa umekaa au umesimama?" "Kwani siku hiyo utabeba mtoto?" "Kwani viatu vyako vina kisigino cha namna gani?" Mteja aliyechoshwa na maswali alikuwa huru kwenda kwa fundi mwingine. Wengi walikwenda, wakarudi baada ya juma moja wameshika kitambaa kilichoharibika, nao wakajibu maswali yote bila kinyongo.

Mume wake alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kupiga chapa hadi figo zake zilipomsaliti. Tangu hapo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ilimlazimu kufika hospitali kuu ya jiji ili asafishwe damu kwa mashine. Treni ya zamani iliondoka saa kumi na moja alfajiri, ikafika jijini saa mbili na nusu. Jioni ilimrudisha akiwa hoi, mnyonge kama nguo iliyokamuliwa. Basi lilizunguka milima kwa muda wa saa sita, na daktari alikwisha kusema waziwazi kwamba mgonjwa wake asithubutu kulipanda. Kuhamia jijini hawakuweza, maana cherehani ya mke ndiyo iliyowalisha, na wateja wake wote walikuwa hapa. Basi uhai wa mtu yule ulining'inia kwenye reli ile kuukuu, siku tatu kwa juma.

Ndipo zikaja habari za treni ya mwendokasi. Ilisemwa kwamba safari ya kwenda jijini, ambayo treni ya zamani iliimaliza kwa saa tatu na nusu, mpya ingeimaliza kwa dakika arobaini. Mji ukagawanyika pande mbili mara moja, kama ugomvi wa urithi. Upande mmoja ulisema maendeleo hayasubiri mtu, kwamba mfanyabiashara atakwenda jijini na kurudi kabla chai yake haijapoa. Upande wa pili ulisema fedha hizo zingetosha kutengeneza barabara zote, kuchimba visima na kuongeza vitanda vya hospitali, na masalia yake yangekarabati treni ya zamani hadi ing'ae. Kinyozi aliwanyoa wateja wa pande zote mbili, lakini alilazimika kuwapangia siku tofauti.

Kiongozi wa wapenda treni alikuwa mdogo wake mume wa Mama Kwani, fundi wa mabango, mtu mcheshi aliyepewa jina la Brashi. Wapinzani waliongozwa na mhasibu mstaafu, mtu mwembamba mwenye faili nene, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kabla ya saa sita mchana. Brashi alikuwa na silaha moja iliyowashinda wote. Kwenye ukuta mrefu wa ghala, mbele ya stesheni, alichora treni yenyewe. Ilikuwa nyeupe, ina mstari wa buluu, pua imechongoka, nayo imesimama kwenye jukwaa la marumaru, milango wazi, abiria wakishuka na masanduku yao. Juu yake aliandika jina la mji kwa herufi kubwa kuliko mtu.

Watu waliipenda picha ile kupita kiasi. Maharusi walipigwa picha mbele yake. Wageni walipelekwa kuiona. Hata mhasibu mstaafu, katika mikutano yake, alikuwa akiinyooshea kidole na kusema kwa uchungu, "Tazameni marumaru ile! Kwani saruji ina kosa gani? Hivi ndivyo fedha ya umma inavyotapanywa." Alikuwa amehesabu vipande vya marumaru ukutani, akavitia ndani ya faili.

Mwezi wa tisa lilibandikwa tangazo kwenye stesheni ya zamani. Lilisema mambo mawili. La kwanza, siku treni ya mwendokasi itakapoanza kazi, miaka miwili ijayo, treni ya zamani itaondolewa. La pili, kamati ya mradi itafika kusikiliza maoni ya wananchi kwa siku mbili katika ukumbi wa mji. Pembeni ya tangazo kulikuwa na kijitabu cha mradi kilichofungwa kwa kamba ili kisiibwe. Mama Kwani alilisoma tangazo, akakifungua kijitabu, akakipekua ukurasa baada ya ukurasa akiwa amesimama juani. Alikuwa anatafuta kitu kidogo tu. Kisha akavuka barabara, akaenda karakana ya shemeji yake.

Brashi alikuwa amepiga magoti juu ya bango. "Karibu, shemeji. Umekuja kuona kazi?"

"Nimekuja kuuliza. Kwani hii treni mpya itafika hapa saa ngapi asubuhi?"

"Saa ngapi?" Brashi alikuna kidevu, akajipaka rangi. "Mapema tu. Treni za namna ile hazichelewi."

"Mapema ya saa ngapi? Kaka yako anatakiwa kwenye mashine saa tatu. Nataka kujua nitamwamsha saa ngapi, na dawa yake anywe saa ngapi."

"Si wameandika kwenye kijitabu chao?"

"Nimekisoma chote. Imeandikwa saa ya kuondoka kule inakoanzia, na saa ya kufika jijini. Sisi hapa katikati hatuna saa."

"Labda wamesahau."

"Kwani nani alikwambia itasimama hapa?"

Brashi alicheka. "Shemeji, na wewe umezidi. Mji mzima unajua itasimama. Toka nje uangalie ukutani."

"Ukutani umechora wewe."

"Ndiyo."

"Kwani ulichora kutoka kwenye ramani gani?"

Kicheko kilimwisha. Aliweka brashi ndani ya kopo polepole, akatazama mlangoni, ambako kipande cha picha yake kilionekana, pua ya treni na mwanamke mwenye sanduku jekundu. Mwishowe akasema, "Sikuwa na ramani. Nilichora inavyopendeza. Treni inayokimbia haichoreki vizuri, shemeji. Inakuwa mstari tu. Nikaisimamisha."

Mama Kwani hakumcheka. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mji mzima ulikuwa umegombana juu ya stesheni iliyozaliwa na kopo la rangi. Waliyoitaka na waliyoikataa ilikuwa ni hiyo hiyo moja, na pengine haikuwepo popote ila pale ukutani.

"Nitauliza kwenye mkutano," alisema.

"Shemeji, nakuomba. Watu watatuona washamba. Ukweli ni kwamba kila mtu anajua itasimama, hata bila mimi kuchora. Mji wenye watu elfu sitini, treni itaurukaje? Ukisimama mbele ya wataalamu na kuuliza eti treni itasimama wapi, utaniaibisha mimi, utamwaibisha na kaka."

"Kama kila mtu anajua, nitajibiwa haraka, nikae."

Njiani alimkuta mhasibu mstaafu akinunua gazeti, akamuuliza na yeye. Mzee yule alimtazama juu ya miwani. "Mama, hilo ni swali la kitoto. Mimi nimeandika kurasa mia mbili kuipinga stesheni hiyo. Ningewezaje kupinga kitu kisichokuwepo?"

Mama Kwani aliona kwamba swali hilo la mwisho lilikuwa zuri sana, lakini hakumwambia.

Jumapili mchana alikuwa anapiga pasi mashati ya wateja, mume wake ameketi kwenye kiti cha mapumziko akiyakunja taratibu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba mahali wanapochoma sindano. Alikuwa amekwisha kusikia kila kitu kutoka kwa mdogo wake.

"Mke wangu, usiulize," alisema.

Pasi ilisimama hewani. Kati ya watu wote, hakumtarajia yeye.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi huenda nikiwaza dakika arobaini. Nikiwa kwenye lile behewa, kichwa kinauma, miguu imekufa ganzi, najiambia, vumilia, baba, bado miaka miwili, halafu ni dakika arobaini. Ukiuliza wakasema haisimami, mimi nitapanda na wazo gani?"

Mama Kwani aliizima pasi, akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Machozi yalimlenga, akayarudisha. "Na nisipouliza? Siku ile wataondoa ya zamani. Utakwenda stesheni na begi lako, treni ipite kama upepo, ikuache umesimama. Jumatatu hiyo nitakupeleka wapi? Na Jumatano?"

Mume alivuta shati jingine kutoka kwenye fungu.

"Jibu baya leo lina miaka miwili ya kulipigania," alisema Mama Kwani. "Jibu hilo hilo siku ile halina hata saa moja. Mimi sikuzuii kuwaza dakika arobaini. Nataka ziwe za kweli."

Mume aliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja upya. "Basi kauliza," alisema. "Ila vaa ile blauzi yako ya kijani. Wakikucheka, wakucheke umependeza."

Siku ya kwanza ya mkutano ukumbi ulifurika. Mezani walikaa wanakamati watatu, na pembeni yao mhandisi wa mradi, mwanamke kijana mwenye kompyuta na ramani iliyoviringishwa. Wapenda treni walikaa kulia, wapinzani kushoto, na katikati palibaki njia pana kama mto. Msemaji mmoja alipanda, akasifu. Mwingine akapanda, akalaani. Brashi alitia chumvi hadi akapigiwa makofi na watu wasiomsikia. Mhasibu mstaafu alisoma takwimu za marumaru. Mhandisi alikunja uso kidogo aliposikia neno marumaru, lakini hakuulizwa, naye hakusema.

Mama Kwani aliinua mkono mara nne. Mara ya tano mwenyekiti alimwona.

"Mama, unaunga mkono au unapinga?"

"Bado sijui, mheshimiwa. Nina swali."

Kicheko kilizagaa pande zote mbili. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana siku ile. Mwenyekiti alitabasamu kwa upole. "Hapa tunapokea maoni, mama. Maswali yatakuwa mwisho, muda ukituruhusu."

Muda haukuruhusu. Saa kumi jioni ukumbi ulifungwa, na Mama Kwani akarudi dukani akiwa ameuma meno. Jirani mmoja alimkuta njiani akamwambia kwa huruma, "Achana nao, mama. Mambo ya treni ni ya wasomi."

"Wasomi watapanda wao na nani?" alijibu, akapita.

Kesho yake alifika kabla mlango haujafunguliwa. Karani alipotandika meza na kuweka fomu ya wasemaji, Mama Kwani alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Fomu ilikuwa na safu mbili tu, wanaounga mkono na wanaopinga.

"Nikuandike upande gani?" aliuliza karani.

"Nipe kalamu." Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, likaanzia safu ya kwanza na kumalizikia safu ya pili, likauvuka mstari wa katikati.

"Mama, umeniharibia fomu."

"Sijaharibu. Fomu yako haikuacha nafasi ya mtu anayetaka kujua."

Karani alitaka kubisha, akaona foleni nyuma inazidi, akaacha. Kwa kuwa jina lilikuwa la kwanza, mwenyekiti hakuwa na budi kuliita la kwanza. Mama Kwani alipiga moyo konde, akasimama mbele ya kipaza sauti. Blauzi ya kijani ilikuwa imenyooka.

"Mimi ni fundi cherehani," alianza. "Mume wangu anasafishwa damu jijini siku tatu kwa juma, na anakwenda kwa treni. Naomba mhandisi anijibu jambo moja. Kwani hii treni ya mwendokasi, hapa kwetu itasimama?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mtu upande wa kulia alipaza sauti, "Mama Kwani, huna macho? Si imesimama pale ukutani!" Wa kushoto nao wakacheka. Brashi, aliyekuwa safu ya mbele, hakucheka. Alikuwa anamtazama mhandisi.

Mhandisi naye hakucheka. Alisimama, akaangalia mezani kwa wakubwa wake, kisha akamgeukia Mama Kwani. "Hapana," alisema. "Haitasimama."

Kicheko kilikatika kama uzi. Alikunjua ramani yake, akaibandika ubaoni, akaonyesha mstari mwekundu ulioupitia mji bila alama yoyote. Alieleza kwa lugha nyepesi. Treni ya kasi ile huhitaji umbali mrefu wa kupunguza mwendo na umbali mrefu zaidi wa kuurudisha. Kila inaposimama hupoteza dakika saba. Nchi imeahidiwa saa mbili kamili kutoka mwanzo wa reli hadi jijini, na saa mbili kamili zinapatikana kwa kusimama mara tatu tu. Mji huu haumo katika miji hiyo mitatu.

Brashi alisimama, uso umempauka. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angemlaumu waziwazi. "Jamani," alisema, "ile picha niliitoa kichwani. Hakuna aliyeniambia treni itasimama. Nilidhani mnajua ninyi, na ninyi mkadhani najua mimi. Shemeji aliniuliza, nikamwomba anyamaze ili nisiaibike. Naombeni radhi." Akakaa, akafunika uso kwa kofia yake yenye madoa ya rangi.

Kelele zilianza. Wapinzani walitaka kushangilia, lakini mshangilio uliwakwama kooni, maana nao hawakuwa na stesheni ya kupinga. Mwenyekiti aligonga meza. "Asante, mama. Umejibiwa. Msemaji wa pili."

"Mheshimiwa, kila msemaji amepewa dakika tatu, na zangu hazijaisha," alisema Mama Kwani, naye hakutoka pale. "Bado nina swali. Kijitabu kinasema reli hii itahudumia watu milioni moja na nusu. Kwani katika hao, sisi wa hapa tumehesabiwa?"

Mhandisi alipekua kompyuta yake kwa muda mrefu. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa chini. "Mmehesabiwa."

"Wangapi?"

"Wote elfu sitini."

"Tutapandia wapi?"

Safari hii kicheko kilichozuka kilikuwa kingine kabisa, kichungu, na kiliielekea meza ya kamati, si Mama Kwani. Alikingoja kipite. Kisha akasema maneno ambayo hakuyaandaa. "Mheshimiwa, mimi sielewi mambo ya kasi. Naelewa kwamba dakika saba ni nyingi kwa mtu anayewahi. Mume wangu hukaa saa saba ndani ya treni kwa siku, aende na arudi, siku tatu kwa juma, na hiyo ndiyo mnayotaka kuiondoa. Kama tumehesabiwa kwenye faida ya treni, basi tuhesabiwe na kwenye milango yake. Na kama dakika saba haziwezekani, tuachieni ile ya zamani. Hayo mawili. La tatu sina, na sitoki hapa mpaka yaandikwe."

Mhasibu mstaafu aliinuka upande wa kushoto. Watu walidhani atapinga, kwa kuwa hawakuwahi kumwona akifanya jingine. Alifungua faili lake, akalifunga tena. "Mwenyekiti," alisema, "hesabu ya faida iliyotolewa kwa umma inasimama juu ya abiria. Ukiondoa watu elfu sitini hapa, na ukijiuliza kama kuna wengine wa namna hii huko mbele, hesabu hiyo inapinda. Wakubali dakika saba au warekebishe hesabu zao hadharani. Mimi namuunga mkono mama." Akavuka ile njia pana ya katikati, akaenda kusimama nyuma ya Mama Kwani. Baada yake alivuka kinyozi, halafu wengine, mpaka haikuwezekana tena kujua nani alikuwa wa kulia na nani wa kushoto.

Yaliandikwa. Lakini kuandikwa si kutendwa, na Mama Kwani alilijua hilo. Kwa miezi mitano hakuna ofisi iliyohusika ambayo haikumwona. Alishona usiku alichokosa kushona mchana. Jumatano alimsindikiza mume wake jijini, akamwacha kwenye mashine, akaenda wizarani na nakala ya kumbukumbu za mkutano ndani ya mkoba wa vitambaa. Waliomwambia aje kesho walimwona juma lililofuata, waliomwambia faili halionekani waliulizwa, "Kwani lilionekana mara ya mwisho kwa nani?" Mhasibu mstaafu alimwandalia hesabu za kurasa nne, akaapa kwamba hajawahi kuandika kitu kifupi hivyo maishani. Brashi alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi, na kila mlangoni alianza kwa kukiri kosa lake kabla hajaombwa.

Mume alidhoofika msimu wa mvua. Kuna Ijumaa alishindwa kupanda behewa, Mama Kwani akambeba mgongoni hadi kitini, abiria wengine wakitazama pembeni kwa heshima. Safari ile hakuzungumza habari za dakika arobaini. Alimshika mke wake mkono tu, njia nzima.

Mwezi wa pili kamati ilirudi. Mwenyekiti alisoma uamuzi kwa sauti kavu, lakini kila neno lilisikika hadi nje, ambako watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Treni ya mwendokasi itasimama katika mji huu mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Jukwaa litajengwa, la saruji. Treni ya zamani haitaondolewa mpaka siku ile ambayo mpya itasimama hapa na kufungua milango yake. Mume wa Mama Kwani, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, alilia bila kujificha. Mhasibu mstaafu alimwendea Mama Kwani mbele ya watu wote. "Nilikwambia ni swali la kitoto," alisema. "Nilikuwa na kurasa mia mbili, na swali hilo halikuwemo hata katika moja. Nisamehe."

Watu walipotawanyika, mhandisi alibaki akiviringisha ramani yake. Mama Kwani alimwendea kumshukuru, kwa kuwa alikuwa amesema kweli mbele ya wakubwa wake, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye kazi changa.

"Usinishukuru, mama," mhandisi alisema. "Tulipita miji sita. Miwili mingine iko kama ninyi, treni haitasimama, na ya zamani itaondolewa. Kote huko mkutano ulikwisha kwa makofi. Hawakuuliza."

"Kwani wewe hukuwaambia?"

Mhandisi alitazama chini. "Nilidhani wanajua."

Mama Kwani aliwaza habari za mtu mwingine, katika stesheni nyingine, aliyeshika begi lake la hospitali na kuhesabu miaka. Kisha akavuta kiti, akafungua mkoba wa vitambaa, akatoa daftari lake la vipimo na penseli.

"Niandikie majina ya miji hiyo," alisema. "Na siku ambayo treni ya zamani hupita huko, niipande."

Juma lililofuata fundi cherehani alifunga duka kwa siku mbili, akasafiri kwenda kusimama katika kumbi za watu asiowajua na kuwafundisha kuuliza lile swali jepesi. Aliwakuta wamegawanyika pande mbili, wana hoja nzito na sauti kubwa, na walipolisikia swali lake walicheka kwanza, kama ilivyo ada. Kisha wakatazamana, na mmoja wao akainua mkono. Naam, mjinga ni yule aliyeona haya akaachwa na treni. Kuuliza si ujinga.